Uwanja Uliomsubiri Mjomba

Nambambo, Nachingwea
4 Machi 2002

Mjomba, shikamoo.

Sijui kama utasoma mwenyewe au Raudha atakusomea, kwa hiyo naanza na lenyewe. Nyumba yako imepigwa X. Nyekundu, kubwa, katikati ya mlango wa mbele, na nyingine ukutani upande wa tuta la reli ya zamani. Jana nilikuwa natoka sokoni, nikapita kuiangalia kama ninavyofanya tangu Raudha akuchukue kwake Ruangwa, nikaziona. Chini ya ile ya mlangoni wamebandika karatasi. Inasema jengo limetelekezwa, halina mkaaji, ni maficho ya nyoka na wahuni, na mwenyewe asipojitokeza hadi mwisho wa Aprili litabomolewa na kiwanja atapewa mtu mwingine.

Kwanza nilicheka, Mjomba, unisamehe. Nilisema peke yangu njiani, leo Bwana Afya naye! Mtu aliyeuchora mji mzima kwa brashi yake, leo amechorwa yeye. Halafu nikauangalia uwanja, kicheko kikaisha. Nyasi zimefika madirishani. Mvua za mwaka huu hazina adabu. Mbuzi wa mtu amezalia barazani kwako na ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Raudha hawezi kuigusa, yeye ni mtoto wako. Nyumba ya mjomba anaigusa mpwa, na mpwa uliyebaki naye ni mimi. Nitumie ufunguo. Nitafyeka, nitafagia, nitafungua madirisha, na hiyo karatasi nitakwenda kuijibu mimi. Sitaki yakupate yaliyonipata. Nakijua kile kitu cha kushuka kwenye lori na mikeka kichwani, watoto wanakuvuta kanga, "Mama, nyumba iko wapi?", na pale palipokuwa na mlango kuku wanaparura. Mimi nilipoteza nyumba kwa sababu notisi haikunifikia Mandawa nilikokaa eda, na kwa sababu ya ulimi wa Fransisko. Yako haitapotea nikiwa hai.

Yupo bado, ng'ambo ya njia. Muhogo wake umestawi sana kwenye kiwanja changu. Jana alinisalimia. Sikumwitikia, na sijamwitikia tangu mwaka ule.

Mpwa wako,
Mwantumu


Ruangwa
10 Machi 2002

Mpwa wangu Mwantumu, marahaba.

Nimeisoma mwenyewe, kwa miwani ya Raudha, maana yangu mjukuu ameikalia. Macho bado yananitii. Kilichochoka ni moyo. Miguu imevimba hata ndala hazinitoshi, na nikitoka kitandani hadi mlangoni nahema kama niliyepanda mlima. Daktari wa hapa ni kijana mpole. Mimi hakuniambia kitu. Alimwambia Raudha anipikie chochote ninachopenda. Nimefanya kazi ya afya maisha yangu yote, mwanangu, nayajua maneno hayo.

Kwa hiyo sitazunguka. Nataka kurudi. Mkwe wangu ni mtu mwema kuliko nilivyostahili, lakini sitaki kufia kwake. Nataka nilale chumbani kwangu, na siku ikifika nitolewe kwenye mlango niliouweka kwa mkono wangu, watu wakae kwenye uwanja wangu. Nimebakiza hilo tu. Shida ni kwamba barabara imeharibika, hata basi linapita kwa kusukumwa na abiria, na Raudha ameapa hatanipandisha gari lolote kabla mvua hazijaisha. Hiyo ni Mei. Na karatasi inasema Aprili.

Kanuni hiyo naijua, niliisimamia mimi. Anayekagua hutazama paa na madirisha, halafu huuliza majirani kama kuna anayelala humo. Lakini kabla ya yote hutazama nyasi. Nyasi ndizo zinazomsimamisha mtu njiani.

Ufunguo nimempa kondakta, umefungwa kwenye kipande cha kanga ya Raudha. Mungu akulipe. Umenifikiria kuliko ilivyonipasa kufikiriwa.

Kuhusu Fransisko, punguza. Mambo yale ni ya zamani.

Mjomba wako,
Yasini Amiri


Nambambo
19 Machi 2002

Mjomba, shikamoo.

Ufunguo umefika. Kondakta aliuning'iniza shingoni kama hirizi, akanikabidhi mbele ya watu, "Mama, haya makao makuu ya Bwana Afya." Nimeshafyeka upande wote wa mbele. Nyoka nimemkuta mmoja, mdogo, kwa hiyo karatasi haikudanganya sana. Ndani pamekauka, isipokuwa kona ya jikoni ambako bati limetoboka. Kitanda chako nimekianika.

Kisha nikaenda ofisini. Anayeshughulikia sasa ni kijana anaitwa Dickson, shati limenyooshwa mpaka linakata. Akaniuliza:

"Wewe ni nani wa mwenye nyumba?"

"Mpwa wake."

"Hana mtoto?"

"Anaye. Baba, kwani wewe kwenu wapi?"

"Iringa."

"Basi nimekuelewa. Huku kwetu mtoto atalia, lakini anayeshika fagio ni mpwa."

Akacheka, akaniagizia chai. Si mtu mbaya. Ila akasema, "Mama, kufagia ni vizuri, lakini kanuni inataka mkaaji. Mtu anayelala humo. Aprili ikiisha nikija nikakuta kufuli, sitakuwa na la kufanya." Halafu akaanza kukusifia! Anasema alipoanza kazi alisimuliwa habari zako, kwamba ulikuwa mtu wa haki, ulibomoa hata nyumba ya mpwa wako. Nikamwambia, "Mpwa mwenyewe ndiye huyu anayekunywa chai yako." Alikohoa mpaka nikamhurumia. Nikakutetea, nikamweleza kwamba mchongezi alikwisha kufikisha maneno kwa wakubwa, na Mjomba alinitumia notisi Mandawa ikapotea njiani, angefanya nini tena?

Kulala huko kwa sasa siwezi. Nalala kibandani shambani, maana nguruwe mwitu wakikuta pako kimya hawaachi hindi hata moja. Lakini wiki ya mwisho ya Aprili nitamwachia mwanangu shamba, nihamie kwako mpaka utakapokuja. Lala salama, nyumba yako ipo.

Kichekesho kimoja. Nikiwa nafyeka, Fransisko akavuka njia na fyekeo lake. "Dada, hizi nyasi peke yako zitakuumiza mgongo. Nikusaidie upande huu."

Nikamwambia, "Upande upi? Wa kwangu ulishaufyeka ukapanda muhogo, sasa unautaka na wa Mjomba?"

Akalitazama lile fyekeo, akasema polepole, "Hata mwaka ule nilikuja na fyekeo, dada."

"Ulikuja wapi?"

Akaliweka fyekeo begani. Akarudi kwake. Uzee unamchanganya, naona.

Mpwa wako,
Mwantumu


Ruangwa
27 Machi 2002

Mwantumu,

Nimeandika barua mbili nikazichana. Hii ni fupi ili nisiichane.

Fransisko hajachanganyikiwa. Akikusalimia, mwitikie. Nakuomba kama mjomba wako, usiniulize kwanza sababu.

Na usihame shamba kwa ajili yangu.

Yasini


Nambambo
4 Aprili 2002

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenitisha. Raudha hakupi dawa? Nimeisoma mara ya pili nikamsomea na mwanangu, naye anasema ugonjwa ukimzidi mtu mzima huanza kuwahurumia hata waliomkosea. Kama ni hivyo, basi huruma ni yako, mimi bado nina damu ya moto.

Tena umeandika wakati mbaya. Rosa, mke wa Fransisko, amefariki juzi. Homa, hakukaa sana. Mtaa wote ulikwenda, Waislamu na Wakristo, hata Dickson wa Iringa nilimwona amebeba benchi. Mimi nilikuja kufagia kwako kama kawaida. Nyimbo zao nilizisikia nikiwa uani. Mwanamke mmoja akanifuata, "Mwantumu, mama wa watu amelala pale, huji hata kukaa kidogo?" Nikamwambia, "Nyumba yangu ilipokufa nani alikuja kukaa na mimi?" Akaondoka ameshika mdomo. Nikafunga mlango wako, nikapita njia ya nyuma ya soko nisikutane na jeneza.

Najua si vizuri. Lakini moyo haukukubali.

Nyasi zimeota tena. Jumatatu nitafyeka.

Mwantumu


Ruangwa
9 Aprili 2002

Mwantumu,

Sikukupa salamu kwa sababu sijui kama utaitaka yangu.

Nenda kwa Fransisko. Kama umekaa, simama uende sasa hivi, barua hii utaimalizia ukirudi. Huyo mtu hakukuchongea. Hakuna aliyekuchongea. Hukumzika Rosa kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa na wiki nzima ya kukuzuia, nikaitumia kuchana karatasi.

Sasa nitaandika yote, na Raudha nimemtuma sokoni ili asinione.

Mumeo Hasani alipofariki, mwaka tisini na nne, mama yako alitaka ukakae eda kwake Mandawa. Ulinipa ufunguo mkononi, wazee wakitazama. Katika ukoo wetu nyumba iliyotoka maiti haiguswi na fagio la mtu yeyote mpaka mjomba awe amefagia wa kwanza, na mtaa wote ulilijua hilo. Ndiyo maana nyasi zilipoanza kuota hakuna jirani aliyeng'oa hata jani. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wananipa heshima. Uwanja wako ulikuwa unanisubiri mimi.

Nilisema nitakwenda Jumamosi. Halafu Jumamosi nyingine. Kipindi hicho tuliagizwa tuusafishe mji, na mimi nilikuwa mkali, ulinijua. Teodosia, yule mjane wa togwa, nilimpigia X banda lake akalia mbele yangu, nikamsomea kanuni. Basi siku moja kwenye kikao cha mtaa akasimama mfanyabiashara mmoja ambaye ghala lake nililifunga, akasema, "Bwana Afya, macho yako ni makali sana mitaa ya wenzako. Pale kwa mpwa wako nyasi zinataka kupanda paa, hujaziona? Au na macho yana undugu?"

Watu walicheka, Mwantumu. Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza, naye huku anacheka. Nyumba yako ilibomolewa na kicheko kile. Mengine yote yalikuwa kazi ya mikono tu.

Kesho yake alfajiri nilikwenda kwako. Kufyeka ile nyasi ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Sikuchukua fyekeo, nilichukua brashi. Nikapiga X, nikabandika notisi kwa mwenye nyumba au msimamizi wake. Msimamizi ni nani? Ni mimi, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliisaini kama Bwana Afya, nikaisoma kama mtu aliyetakiwa kuijibu, nikaenda zangu kunywa chai.

Nilikusudia kungoja siku chache, kisha nifyeke, nijibu, niifute. Nakuapia nilikusudia. Lakini kila nilipopita watu waliniambia, "Sasa tumekuamini, mzee." Hata Teodosia aliniamkia. Nilikuwa sijawahi kupendwa katika kazi ile, na nilipopendwa nilishindwa kuachia. Nikifyeka, watasema ilikuwa maigizo. Nikaacha nyasi ziote.

Notisi haikupotea njia ya Mandawa. Sikuituma. Haikutoka mezani kwangu. Mandawa ilikuwa bado wilaya yetu, ningemwandikia katibu kata ungeipata ndani ya wiki. Nilijua ungekuja mbio, na ungeniuliza, "Mjomba, si ufunguo unao wewe?"

Fransisko alikuja kwangu muda unakaribia kuisha, fyekeo begani. Akasema, "Bwana Afya, najua hii ni kazi ya mjomba, hata kwetu ndivyo. Lakini siku zinakwenda. Niruhusu nifyeke kwa jina lako." Nikamjibu, "Wewe umetoka ng'ambo ya Ruvuma, usije kutufundisha mila zetu." Akaondoka nalo. Ndilo fyekeo alilokutajia.

Siku ya kubomoa nilisimama pale na kofia yangu. Vijana waliezua mabati, wakaingiza mitaimbo ukutani. Nilitazama mpaka mwisho, nikasifiwa kikaoni. Baadaye kiwanja nikamgawia Fransisko, hakukiomba. Nilitaka awe amepokea kitu kutoka kwangu ili asiweze kusema.

Halafu ukashuka kwenye lori. Uliniuliza, "Mjomba, nani amenichongea?" Sikusema jina. Nilisema, "Binadamu, mwanangu," nikatazama upande wa Fransisko. Nilitazama tu, Mwantumu. Ukafuata macho yangu, na yeye alikuwa amesimama mlangoni kwake anatuona. Miaka yote hii umembeba moyoni kwa jicho langu moja.

Ufunguo wako ninao. Kila nilipohama chumba nilihama nao. Sijui kwa nini, mlango haupo.

Nyumba yangu iache. Mwisho wa Aprili ukifika na wasikute mtu, watakuwa wamefanya sawa. Nilitaka uijue tofauti kati yetu: wewe uliiona X yangu ukaomba ufunguo.

Yasini Amiri


Ruangwa
28 Aprili 2002

Binamu,

Wewe umemfanya nini baba yangu? Au yeye amekufanya nini? Ningekutania leo lakini sina nguvu. Hanywi uji wala chai. Kila basi la Nachingwea likipiga honi anasema, "Raudha, kamuulize kondakta." Kondakta akiniona sasa anatikisa kichwa hata kabla sijavuka barabara.

Nimemwambia nitakuja mwenyewe kulala kwenye hiyo nyumba, akanifokea kwa sauti sijui aliitoa wapi: "Hiyo si haki yako!" Kisha akalia. Sijawahi kumwona baba yangu akilia.

Keshokutwa mwezi unaisha. Kama nyumba imekwenda, andika tu imekwenda. Kusubiri ndiko kunakomwua.

Raudha


Nachingwea mjini
3 Mei 2002

Mjomba,

Shikamoo naiweka. Wewe bado ni mkubwa kwangu, hilo halikubomolewa.

Barua yako nilikaa nayo shambani. Nilipoimaliza nililirusha fagio lako kwenye nyasi, sikurudi mjini. Nguruwe walikula upande mzima wa mahindi nami nimekaa nawaangalia.

Nilipokwenda kwa Fransisko matanga yalikwisha kuanuliwa. Alikuwa peke yake uani, anapepeta mchele, hajui kupepeta. Nikasimama mbali nikasema shikamoo. Miaka minane, Mjomba. Akasema, "Marahaba, dada, karibu," kama tulioonana jana. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningesema mjomba wako ndiye, ungeniamini mimi?" Nisingemwamini. Nikamwuliza na muhogo je. "Kiwanja chenye nyasi kinachukuliwa," akasema. "Nilipanda kisiwe na nyasi. Sijajenga hata banda la kuku, si umeona?" Nilikuwa naona kila siku. Sikuwahi kutazama.

Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Ule mlango wa Hasani, wa mninga, wenye kovu chini pale mtoto alipogonga na baiskeli, upo. Aliuvuta kwenye kifusi siku ile ile. Ameuegemeza ukutani, ameufunika kwa turubai, mchwa hawajaugusa. Anasema Rosa alikuwa akiupaka mafuta machafu ya gari kila kiangazi. Rosa, Mjomba. Niliyepita nyuma ya soko nisikutane naye.

La nyumba nadhani litaniisha. La Rosa sijui. Sitakudanganya kwa kuwa unaumwa.

Sasa sikia lililotokea. Tarehe thelathini Dickson alikuja na vijana watatu na mitaimbo. Nyasi zilikuwa juu, sikufyeka hata moja tangu barua yako. Nilikuwa nimekaa ng'ambo, barazani kwa Fransisko, kusudi nione. Nilitaka nisimame nitazame mpaka mwisho kama wewe ulivyosimama. Nakuambia kweli. Kijana wa kwanza akainua mtaimbo, nikasikia sauti ya watoto wangu, "Mama, nyumba iko wapi?" Nikajikuta nimevuka njia.

Dickson akasema, "Mama, afadhali umefika. Mwenye nyumba hakuja?"

Nikasema, "Amekuja."

"Yuko wapi?"

"Si unaongea naye? Andika hapo mkaaji ni Mwantumu. Na mwenye nyumba ni Mwantumu."

"Na Mzee?"

"Mzee ni mgeni wangu, yuko njiani."

Akanitazama, akaniuliza nitalala humo kweli au leo tu. Nikamwonyesha Fransisko anavyovuka njia na mkeka wangu kichwani. Vijana waliokuja kubomoa ndio waliofyeka. Ile kona ya jikoni Fransisko ameiziba kwa kipande cha bati. Nimehamia na masufuria, na kuku, na mwanangu anabaki shambani.

Mlango wako wenye X nimeung'oa. Najua uliuweka kwa mkono wako na ulitaka utolewe humo. Haupo tena, tumeupasua tumepikia. Nimeweka wa Hasani. Fremu ilikuwa pana kidogo, fundi ameongeza ubao. Kitasa chake ni kile kile na ufunguo wake unao wewe, kwa hiyo nalala kwa komeo la ndani tu. Chumba chako ni kile cha nyuma, upande wa tuta la reli. Cha mbele nalala mimi.

Njoo. Mwambie Raudha barabara imeanza kukauka, malori ya ufuta yanapita. Uje na ufunguo wangu mkononi, lakini usiutumie. Ukifika, piga hodi.

Mwantumu


Ruangwa
8 Mei 2002

Mwantumu mwanangu,

Kondakta amekuja mbio na barua kabla basi halijasimama. Nimekunywa uji. Raudha amepata gari dogo la jirani, tunatoka Ijumaa alfajiri, polepole, nimelala nyuma kwenye godoro. Ufunguo nimeufunga kiganjani ili nisiusahau nikisinzia.

Nitapiga hodi. Sauti yangu imekwisha, labda hutaisikia ya kwanza, wala ya pili. Kwa adabu ya kwetu mgeni asipoitikiwa mara ya tatu huondoka. Mimi nitakaa hapo uwanjani, nikusubiri.

Mjomba wako,
Yasini